Wifi Yangu Aliyeogesha Visu

Visu vya siku hizi vinang'aa kama vioo. Unakinunua dukani, unajitazama humo, ukitaka unachana na nywele. Sisemi ni vibaya, vinakata. Lakini mimi nilizoea visu vya kijivu. Vilivyotoka katika karakana ya mume wangu vilikuwa na rangi ya wingu la mvua, imekolea mgongoni na inapauka kadiri unavyosogea kwenye makali, na hapo rangi mbili zinapokutana palikuwa na mstari uliopindapinda kama ukingo wa maziwa yanayotaka kuchemka. Watu walikuwa wakivishika, wanaupitisha ukucha juu ya ule mstari, wanamwambia mume wangu, "Fundi, mkono wako una sanaa."

Naye alikuwa akijibu, "Mimi nafua tu. Mwenye sanaa yuko nyuma, na msimwite, ana kazi."

Mwenye sanaa alikuwa dada yake mkubwa, wifi yangu. Mtaani walimwita Bi Asidi, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu ya ulimi wake pia. Aliyeuonja ulimi huo hakuuliza sababu ya pili.

Nilipoolewa nilimkuta ndani ya nyumba. Mama yangu alinisindikiza kwa maneno machache: "Mume umempata wewe. Wifi atakupata yeye." Nikaingia nimejikaza kama anayekwenda kuchomwa sindano. Siku ya kwanza alinitazama kutoka utosini hadi kwenye visigino, akasema, "Mwembamba, lakini ana macho ya kuona vumbi. Tutakaa." Tukakaa. Tuligombana kwa mambo ya sufuria na mambo ya chumvi, tukanuniana, tukasukana nywele, tukalea watoto wangu pamoja. Nikisema leo kwamba sijawahi kuwa na rafiki kama yule, watu wanacheka. Wifi kuwa rafiki? Basi wacheke.

Ndoa yake ilivunjika akiwa bado kijana. Alirudi kwa mdogo wake na sanduku moja, na hakutaka kuhurumiwa. Alikuwa akisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa. Niliona msasa, nikauchukua." Wakati ule mume wangu alikuwa akifua visu kwa springi za malori makuukuu, anavinoa, anavitia mpini, anaviuza hivyo hivyo vikiwa na makovu ya nyundo. Mvua ikinyesha kidogo tu, kutu imeshaingia. Wateja walikuwa wakivirudisha vimekuwa vyekundu kama matofali.

Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi redio, na huyo alikuwa na dumu la asidi ya rangi ya kahawa aliyoitumia kuyeyushia shaba kwenye vibao vyake vya waya. Wifi alisimama mlangoni pake siku moja, akauliza, "Hiyo inakula shaba tu, au na chuma?"

Fundi redio akanyanyua pindo la suruali yake lililojaa matundu. "Mama, hii haichagui."

Akaomba kidogo kwenye chupa. Akaanza kujaribu. Aliharibu visu, aliharibu besheni langu la kufulia, aliharibu sakafu. Akajua kwamba asidi kali inauma chuma kwa pupa na kuacha vidonda, ila ukiizimua kwa maji mengi inauma taratibu na kutoa rangi iliyotulia. Akajua kwamba kila mkwaruzo ulioachwa na msasa mbaya unaonekana mara kumi baada ya asidi, kwa hiyo kisu kisuguliwe upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili kwa msasa laini zaidi, mpaka mikwaruzo ya awali isahaulike. Kisha alikiosha kwa sabuni na jivu, akakifunga waya mkiani, pale panapoingia kwenye mpini, akakining'iniza ndani ya asidi. Alikuwa akivuma wimbo mmoja usio na maneno. Wimbo ukiisha, kisu kinatoka. Anakisuuza, anakitia kwenye maji ya magadi ili asidi ife, anakikausha, anakipaka mafuta. Kisu cha namna hiyo kutu ilikiogopa.

Mume wangu aliita kazi hiyo kuogesha visu. Akimaliza kufua alikuwa akiviweka mezani na kupaza sauti, "Dada, watoto wako hawa, wachafu!" Naye anajibu kutoka nyuma, "Mzazi gani asiyejua kuogesha wanawe?"

Nikizikumbuka alasiri zile, kwanza ninasikia sauti. Nyundo huku mbele, msasa kule nyuma, na katikati mimi na vyungu vyangu. Bati la paa lilikuwa likialika kwa joto. Harufu ya mkaa na ya chuma kilicholowa iliingia hata kwenye mito ya kulalia, na hatukuijua kuwa ni harufu mpaka tulipokuwa safarini tukaikosa.

Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa alipokuja mpishi mmoja, mwanamke mnene mcheshi aliyezeeka katika majiko ya watu wengine na sasa alikuwa anafungua hoteli yake mwenyewe. Alitaka seti nzima ya visu: cha nyama, cha samaki, cha mboga, cha mkate na kidogo cha kumenyea.

"Nataka vifanane kama watoto wa mama mmoja," alisema. "Nimetumia visu vya mabosi maisha yangu yote. Hivi ni vyangu."

Mume wangu alifua kwa moyo. Wifi akasugua kwa moyo. Kisu cha kwanza kikazamishwa, wimbo ukavumwa, kikatolewa. Nilipochungulia nilimwona amekishika kwenye mwanga wa dirisha, uso umemshuka. Bapa lilikuwa na madoa. Mahali pengine kijivu kizuri, mahali pengine peupe kabisa, kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye.

"Asidi imechoka," alisema. Akaimwaga, akatengeneza mpya. Akakisugua kisu upya, akakizamisha. Madoa yakarudi, safari hii mahali pengine.

"Ni baridi hii," alisema, maana ulikuwa msimu wa ubaridi, na asidi ikipoa inafanya uvivu. Akakiweka chombo cha asidi ndani ya karai la maji ya moto. Rangi ilikuja haraka zaidi, na madoa yakaja nayo.

Akadhani ni vipovu vinavyong'ang'ania chuma na kuizuia asidi isifike. Akawa anakitikisa kisu ndani ya asidi kama anayekoroga chai. Wapi! Akadhani ni maji ya bomba, akakinga ya mvua. Wapi!

Mwishowe akamgeukia mdogo wake. Alikiweka kisu juu ya fuawe, mbele yake. "Chuma chako hiki kimeungua. Umekiacha motoni mpaka ngozi imekufa, halafu hukuiondoa yote. Asidi itauma nini hapo?"

Mume wangu alikuwa mpole, lakini usimguse kwenye chuma. "Dada, nimefua kabla hujajua msasa unashikwaje. Chuma changu hakijaungua. Angalia asidi yako."

"Asidi yangu nimebadilisha."

"Basi badilisha na mkono."

Alilisema kwa hasira tu, hakujua alichokuwa anasema. Lakini wifi alirudi nyuma kana kwamba amepigwa. Akakichukua kisu akaondoka bila kujibu. Bi Asidi, bila kujibu! Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna jambo.

Mume wangu, ingawa alikuwa amekataa, alifua kisu kingine kwa chuma cha tupa kuukuu badala ya springi, akakisaga mpaka ngozi yote ya moto ikatoka. Nacho kikatoka na madoa. Basi si chuma. Nyumba ikaingia ukungu. Chakula kililiwa kila mtu akitazama sahani yake. Mpishi alipita kuuliza, tukamwambia bado kidogo. Akacheka, akasema, "Mtoto mzuri hachelewi bure." Moyo ukaniuma zaidi.

Asubuhi moja nilikuwa naosha glasi. Niliisuuza moja kwa maji safi nikaiinua, na maji yakatelemka juu ya kioo kama shuka, isipokuwa upande mmoja. Pale maji yalikuwa yanapasuka, yanajikunja kuwa matone, yanakimbia. Nikaielekeza kwenye mwanga. Vidole vinne upande huu, gumba upande ule. Nikainusa. Karafuu na kitu kingine kikali cha kuchoma pua. Dawa ya kuchua, ile ya mafuta.

Harufu ile nilikuwa nimeisikia ndani ya nyumba muda mrefu. Nilidhani ni mgongo wa mume wangu. Baadaye aliniambia kwamba yeye alidhani ni magoti yangu. Kila mmoja alikuwa akimsitiri mwenzake kwa kutouliza. Glasi ile alikuwa ameinywea wifi.

Niliishika glasi nikaenda nayo nyuma. Wifi alikuwa amekwisha kuosha kisu, anajiandaa kukifunga waya. Mume wangu alikuwa amekwenda kununua mkaa. Nilimwambia, "Wifi, hebu kipe maji kwanza."

"Nimekiosha."

"Najua. Kipe maji tu."

Nilichota kwa kikombe nikamwagia bapa lile. Maji yalitanda vizuri kutoka mkiani, yakafika katikati, yakapasuka. Pakabaki kisiwa kikavu, cha mviringo, ukubwa wa gumba. Karibu na ncha pakabaki kingine. Nikaweka glasi mezani, kando ya kisu. Alitazama glasi, akatazama kisu, akatazama mikono yake.

Hakuhitaji kuelezwa. Aliyajua mafuta kuliko mimi. Alikuwa akituzuia sote kugusa chuma kilichooshwa. Lakini mtu hanusi harufu yake mwenyewe. Ile dawa ilikuwa imemkaa kwenye ngozi, imeshiba kwenye kitambaa chake cha kukaushia, imo hata kwenye brashi yake ya sabuni. Alikuwa akikiosha kisu kwa mafuta, anakikausha kwa mafuta, kisha anakishika. Asidi ilipofika pale palipopakwa ilipita juu juu bila kuuma.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Ilianza kidole kimoja. Asubuhi nikiamka mkono haufungi. Nachua, unafunguka. Halafu ikawa mikono yote."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Baridi yabisi si habari, kila mzee anayo."

"Mficha maradhi, wifi..."

"Usinimalizie methali, naijua inakoishia." Kisha sauti ikamlegea, na sikuwahi kuisikia hivyo. "Mimi niko katika nyumba hii kwa mikono hii. Hukunikuta nimekaa. Watoto wako hawajaniona nimekaa. Ikikataa, nitakuwa nani humu? Shangazi wa kulishwa?"

Nikaichukua ile mikono. Vifundo vilikuwa vimevimba, vidole viwili vimeanza kupinda kuelekea nje. Miaka yote ile nilikuwa nikipokea vikombe na vijiko kutoka kwenye mikono ile, na sikuwa nimeitazama.

"Utamwambia mwenyewe," nikasema, "au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mwenyewe. Wewe utatia chumvi."

Alimwambia alasiri ile ile. Mume wangu alikuwa ameweka chuma motoni. Wifi alisimama mbele yake akasema, "Madoa ni yangu. Chuma chako hakina kosa." Akamweleza, kwa ufupi, kama anayesoma tangazo. Mume wangu alisahau chuma, kikaungua kwelikweli mle motoni, cheche zikaruka. Alivua glavu za ngozi, akamshika dada yake mikono, akaigeuza, akavitazama vile vidole kimoja kimoja kama anavyotazama kipande cha chuma kabla ya kuamua kitakuwa nini.

"Nani alikwambia," aliuliza taratibu, "kwamba unakaa kwangu kwa sababu ya visu?"

"Hakuna. Nilijiambia."

"Ulipokuja na lile sanduku nilikuomba kisu?"

"Hukuniomba."

"Basi!" Akalitoa neno lile kwa ukali, akatoka nje. Alimnunia siku nzima iliyofuata. Walikuwa wamezaliwa tumbo moja. Kununa walijua wote wawili. Alikuwa akimpita kama nguzo, na wifi naye akimpita vivyo hivyo, mimi niko katikati nikipeleka salamu: mwambie mumeo chai iko tayari, mwambie dada nimeiona.

Halafu asubuhi moja nilimkuta mume wangu ameketi nyuma, kwenye meza ya wifi, amekaza kisu chenye madoa kwenye ubao na anasugua msasa. Wifi alikuwa amesimama juu yake, mikono nyuma.

"Unasugua kisu au unajikuna mgongo?" aliuliza.

"Nasugua kisu."

"Basi nenda njia moja. Moja! Ukirudi hapo hapo unachimba. Tazama, umeacha shimo la kufugia samaki."

Fundi mwenye nyundo iliyosifiwa mji mzima alisugua kisu kimoja asubuhi nzima, akatoka jasho kuliko motoni, na wifi akakikataa. Cha pili akakikataa. Nilisikia mume wangu akihema, anasema, "Dada, kumbe hii ni kazi."

"Ulidhani ninaogesha," alijibu. Lakini alijibu kwa raha, na mimi jikoni nikaacha kukoroga ili nisikie vizuri.

Kazi ya kuosha na kuzamisha ikaangukia kwangu. Tulichoma kitambaa kile, tukatupa brashi, tukanunua vipya. Nilinawa mikono mpaka ngozi ikalia. Nikakiosha kisu cha nyama cha mpishi, nikakimwagia maji. Wifi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Maji yalitanda kutoka mkiani hadi kwenye ncha, shuka moja, hayakupasuka popote.

"Shika mkiani tu," alisema. "Ukikishika tumboni nitakuzamisha wewe."

Nikakining'iniza. Yeye akavuma wimbo, kwa kuwa mimi nilikuwa naogopa hata kupumua. Nikakitoa, nikakisuuza, nikakitia kwenye magadi. Kisha nikakiinua kwenye dirisha. Kijivu kilikuwa kimetulia bapa zima, na ule mstari ulipita katikati laini, bila kukatika.

"Hm," alisema wifi, akaingia ndani. Nikajua nimefaulu, ingawa nilipata uhakika kesho yake, fundi redio aliponiambia kwamba Bi Asidi alipita kwake kujisifu: "Nina wifi mwenye mikono mikavu. Utampata wapi?"

Visu vyote vilisuguliwa upya na kuzamishwa upya. Mpishi alipokuja alivipanga mezani kutoka kikubwa hadi kidogo, akaviangalia, akashika kiuno. "Mama yao ni mmoja," alisema. Mume wangu akatikisa kichwa, akasema safari hii wako watatu.

Tukaendelea hivyo, watatu kwenye kazi ya wawili, na sidhani kama kuna miaka niliyoifurahia zaidi. Wifi alikuwa na kiti chake chenye mto, na bakuli la maji ya uvuguvugu la kutumbukiza mikono. Kutoka hapo alituongoza kama kondakta. Mume wangu hakuwahi kusugua kama yeye, na yeye hakuwahi kumwambia kwamba amesugua vizuri. Alikuwa akisema "kitafaa," na mume wangu akitoka pale anapiga mluzi. Wakati mwingine tulikaa tu, kazi imekwisha, visu vimepangwa kwenye gazeti vikinukia mafuta, tukimsikiliza akiwasema majirani mmoja mmoja kwa zamu. Siku hizo niliona za kawaida. Laiti mtu angenigusa bega akaniambia, tulia, tazama vizuri.

Alifariki msimu wa mvua, baada ya kuugua muda mfupi kifuani. Hakusumbua mtu. Mume wangu alimzika, akarudi, akakaa na wanaume kwenye viti vya kukodi. Watu walimpa pole, akaitikia kwa kichwa. Tangu dada yake alipougua alikuwa hajagusa nyundo wala jiwe la kunolea.

Wanawake walikuwa uani wanatayarisha chakula cha waombolezaji. Mke wa fundi viatu alikuwa anahangaika na kitunguu, anakibonda badala ya kukikata. Akadhani ananong'ona, maskini, lakini alizaliwa na sauti ya sokoni. "Nyumba ya mhunzi hii," alisema, "na kisu hakikati hata kitunguu!"

Uwanja mzima ulisikia. Wenzake wakamfinya. Nilimwona mume wangu amenyanyua kichwa. Akasimama. Wanaume wawili wakasimama naye, wakidhani amezidiwa, akawapungia mkono wakae. Akapita kati ya wanawake, akavikusanya visu kimoja kimoja kutoka mikononi mwao, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha karakana na jiwe la kunolea magotini. Nikampelekea maji.

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti ya chuma juu ya jiwe ikasikika nyumbani kwetu. Muda kidogo jirani mmoja akatoka, akarudi na kisu cha kwake kutoka nyumbani, akakiweka polepole kando yake. Mwingine akafanya hivyo hivyo. Mume wangu hakuinua macho, aliendelea kunoa, na nikaona mabega yake yanaanza kushuka, kama mtu anayetua mzigo.

Cha kwanza kilichokuwa tayari alinipa mimi. Nikarudi kwenye vitunguu pamoja na wenzangu, tukakata karai zima, na hapo nikalia nilivyotaka, hakuna aliyeniuliza.